Baba hulala saa mbili, mwana hulala saa tisa: nani mvivu?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Tanga. Naandika nikiwa nimechoka, kwa hiyo unisamehe maneno yakipishana.

Mume wangu hulala mapema mno. Akishaswali isha na kula, saa mbili na nusu haimkuti. Hata wageni wakiwepo sebuleni atasinzia huku tonge liko mkononi. Saa tisa usiku yuko macho, amewasha redio, anafagia uwanja, anangoja alfajiri. Marehemu baba yake alikuwa vivyo hivyo, na dada yake mmoja pia.

Mtoto wetu wa pili, kijana wa miaka 19, ni kinyume chake kabisa. Tangu alipofika kidato cha pili, usingizi haumjii mpaka saa nane au saa tisa usiku. Mara nyingi baba anatoka chumbani kwenda kutia udhu, mtoto ndiyo kwanza anaingia kulala, wanakutana kwenye korido. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Saa kumi na moja na nusu baba anamwamsha kwa nguvu na kumtoa nje, na amewahi kummwagia ndoo ya maji kitandani. Anamwambia mbele ya wadogo zake kwamba mwanamume anayelala mpaka jua limchome ni mzigo kwa watu.

Kijana anasoma ufundi umeme chuoni, na vipindi vinaanza saa moja na nusu asubuhi. Anafika amechelewa, akifika anasinzia, na tumeshaandikiwa barua ya onyo. Lakini likizo, akiachwa, analala saa tisa na kuamka mwenyewe saa tano na nusu, mzima, mchangamfu, na kazi anafanya: feni na pasi za mtaa mzima zinatengenezwa barazani kwetu mpaka saa sita usiku. Tulimnyang'anya simu tukidhani ndiyo shida. Akajilaza gizani, macho makavu, mpaka saa nane ikapita. Mama mkwe anasema ni jini, tukamfanyia kisomo, hali ni ile ile. Wifi yangu ananishauri ninunue vidonge vya usingizi duka la dawa. Na sasa jirani mwenye tanuri la mikate amempa nafasi ya kazi ya usiku, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kijana anaitaka, baba hataki hata kusikia.

Binti yangu mkubwa anasomea uuguzi. Anasema haya ni mambo ya jeni, kwamba mwili una saa yake na saa za watu hazifanani. Baba yake akamjibu kuwa siku hizi hata uvivu umepewa jina la Kizungu. Nami nipo katikati: nalala saa nne, naamshwa na mlango wa mtoto, nikipitiwa tena naamshwa na redio ya baba. Je, binti yangu anasema kweli? Na kama ni jeni, ndiyo basi tena, mtoto hatabadilika?

Mama, Tanga

JIBU

Marahaba mama, na pole sana.

Jambo la kwanza nalisema waziwazi, na ukipenda limsomee mumeo: mwanao si mvivu. Ushahidi umeuandika mwenyewe. Kijana anayelala saa tisa usiku na kuamka saa tano na nusu amelala muda wa saa nane na nusu, kiasi kinachomfaa mtu wa umri wake. Tena ameamka bila kuamshwa, akashika kazi. Mlimnyima simu, akabaki macho gizani. Usingizi wake haujazidi wala haujapungua. Umekaa mahali pengine ndani ya siku, basi.

Na binti yako anasema kweli. Niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo, maana mkijua saa ya mwili inavyokwenda mtajua pia pa kuigusa, na msipojua mtaendelea kuisukuma upande usio wake, kama nitakavyoonyesha.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho mawili zinapopishana, kuna vifundo viwili vya seli, vidogo visivyofika milimita 2. Hivyo ndivyo saa kuu ya mwili kwa mamalia wote: binadamu, panya, mbuzi, nyani. Mwaka 1990 Martin Ralph na Michael Menaker, na wenzao, walifanya jaribio ambalo kila mzazi anayepiga mtoto kwa sababu ya usingizi angepaswa kulisikia. Walikuwa na hamsta, mnyama jamii ya panya, ambao baadhi yao walizaliwa na hitilafu ya jeni: wakiwekwa gizani, siku yao ilikuwa ya saa 20 badala ya 24. Watafiti wakaviharibu vile vifundo vya ubongo. Mnyama akapoteza mpangilio wote, akawa anakimbia na kulala ovyo. Kisha wakampandikizia vifundo vya mwenzake. Mpangilio ukarudi, lakini urefu wa siku ukawa ule wa mnyama aliyetoa. Aliyepewa vifundo vya hamsta wa saa 20, naye akaanza kuishi siku ya saa 20. Hapo hakuna malezi wala tabia. Ni seli tu.

Seli hizo zinahesabuje muda? Kwa jeni. Jeni ya kwanza ya namna hii ilipatikana kwa inzi wadogo wa matunda mwaka 1971, na Wamarekani watatu waliofumbua utendaji wake kwa miaka iliyofuata, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Kwa mamalia, Joseph Takahashi na wenzake walitangaza mwaka 1994 kwamba wamempata panya ambaye siku yake imerefuka kwa sababu ya jeni moja, wakaiita CLOCK. Siku hizi tunajua kundi zima la jeni hizo, na kazi yake inakwenda hivi.

Protini mbili, CLOCK na BMAL1, hushikana na kukaa juu ya jeni nyingine, ziitwazo PER na CRY, na kuziamuru zitengeneze protini zake. Mchana kutwa protini za PER na CRY zinaongezeka ndani ya seli. Zikishakuwa nyingi, jioni na usiku, zinaingia katika kiini cha seli na kuwazuia wale wawili waliotoa amri. Uzalishaji unasimama. Kisha PER na CRY zilizopo zinaanza kuvunjwa pole pole, na kufikia mwisho wa usiku zimepungua kiasi kwamba CLOCK na BMAL1 wanakuwa huru tena. Asubuhi kazi inaanza upya. Kama una tangi la maji nyumbani umekiona kile kiboya kinachofunga maji tangi likijaa na kuyafungua likipungua. Ni jambo hilo hilo, ila hapa mzunguko mmoja huchukua karibu saa 24.

Sasa tia maanani neno "karibu". Kasi ya mzunguko inategemea protini hizo zinavunjwa upesi kiasi gani, na kuna vimeng'enya maalumu vya kuzitia alama ili zivunjwe. Herufi moja tu ya jeni ikibadilika, mwendo unabadilika. Jimbo la Utah, Marekani, iligunduliwa familia ambayo watu wake walilala saa moja na nusu usiku na kuamka saa kumi na nusu alfajiri, kizazi hata kizazi. Mwaka 2001 ikajulikana kuwa jeni yao ya PER2 ina badiliko mahali pamoja, na saa yao inakwenda haraka. Mume wako, baba yake na shangazi wa watoto hawapo mbali sana na watu hao, au siyo? Na mwaka 2017 yakatangazwa matokeo ya upande wa pili: badiliko katika jeni ya CRY1, lililofuatiliwa katika familia kadhaa za Uturuki, linaloifanya protini hiyo iwang'ang'anie CLOCK na BMAL1 kwa nguvu zaidi. Kizuizi kinachelewa kuachia, siku ya mwili inarefuka, na mwenye nayo hulala usiku wa manane mpaka mchana.

Sisemi kwamba nyumba yenu ina jeni hizo hizo mbili. Siwezi kulijua hilo kwa barua, na watu wengi wa mapema au wa kuchelewa hawana badiliko moja kubwa bali madogo mengi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, uliohusisha karibu watu 700,000, ulikuta sehemu 351 za jeni zinazohusiana na mtu kuwa wa asubuhi au wa usiku. Ndiyo maana baba na mwana wanaweza kutofautiana hivyo. Mtoto hurithi kwa mama pia. Juu ya hapo kuna umri. Tangu kubalehe saa ya kijana inasogea nyuma mwaka hadi mwaka, na kwa wavulana inafika mwisho wa kuchelewa karibu na miaka 20 au 21, kisha inaanza kurudi. Mwanao wa miaka 19 yuko karibu kabisa na kilele. Umeniambia hali ilianza kidato cha pili. Majira yake ndiyo hayo.

Kuhusu hilo jina la Kizungu, mume wako nimjibu kwa heshima. Karibu na Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, watu wanaolala bila taa za umeme wala televisheni. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya watafiti waliopima usingizi wa watu wazima 33 kwa muda wa siku 20. Katika siku zote hizo, dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee walilala na kuamka mapema, vijana walichelewa, na kambi ikawa na mtu macho karibu muda wote bila kupangiana zamu. Watafiti wanaona kuwa tofauti hizi zilikuwa ulinzi kwa jamii. Mimi naamini hivyo pia. Watu wawili wanaopishana kwenye korido saa tisa usiku, mmoja akiamka na mwingine akilala, zamani ndio waliokuwa wakiwalinda wengine na fisi.

Sasa kubadilika. Jeni haibadiliki, lakini saa inarekebishika, na hurekebishwa kila siku kwa kila mmoja wetu. Watu wakipimwa mbali na mwanga wa jua, kwa wastani siku yao huwa saa 24 na dakika kumi na kitu. Kinachoturudisha kwenye mstari ni mwanga. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kuona sura za vitu bali kupokea mwanga, hasa wa rangi ya buluu, na kupeleka habari kwenye vile vifundo vya ubongo; habari hiyo inaiamsha jeni ya PER. Ila mwanga ule ule una athari mbili zinazopingana, kutegemea umeingia wakati gani. Ukiingia mwanzo wa usiku wa mwili, saa inarudi nyuma. Ukiingia mwishoni, saa inakwenda mbele. Mpaka kati ya hizo mbili uko kama saa mbili au tatu kabla ya mtu kuamka mwenyewe, pale joto la mwili linapokuwa chini kabisa.

Hebu piga hesabu ya mwanao. Anaamka mwenyewe saa tano na nusu. Basi mpaka wake uko kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu asubuhi. Mnapomtoa nje saa kumi na moja na nusu, muda si mrefu jua linamulika macho ambayo kwa mwili wake bado ni usiku mchanga, na ubongo unalipokea kama mwanga wa jioni. Badala ya kumsogeza mapema, mnaweza kuwa mnamchelewesha. Baba amehangaika miaka yote hii kwa nia njema na dawa yenyewe imekuwa ikifanya kazi kinyume.

Kwa hiyo ningefanya hivi, na likizo ya mwezi mmoja ingefaa. Mwacheni aamke saa tano na nusu. Akiamka tu, atoke uani apate mwanga wa nje kama dakika 40, asikae chumbani. Mwanga wa nje hata kukiwa na mawingu unazidi wa taa ya ndani mara nyingi sana. Chai anywe saa hiyo hiyo. Baada ya siku mbili au tatu, aamshwe saa tano, halafu saa nne na nusu, kwa mwendo huo huo wa nusu saa mpaka ifike saa kumi na mbili na nusu. Msiruke hatua mkiona amefanya vizuri. Jioni, kuanzia saa mbili, taa ziwe hafifu: baraza ile anayotengenezea feni iwekwe taa ndogo ya rangi ya manjano kando ya kazi yake, si ile nyeupe ya juu, na saa nne afunge kazi. Jumamosi na Jumapili asirudi kulala mpaka mchana, maana hapo ndipo vijana wengi wanapobomoa walichojenga wiki nzima.

Chakula nacho kina sehemu yake. Saa ya ubongo ndiyo kuu, lakini ini, figo, moyo na utumbo vyote vina jeni hizo hizo na saa zao. Watafiti waliofanya kazi na nyani wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani, Nairobi, walichukua sampuli za sehemu 64 za mwili katika vipindi vya siku nzima, na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya jeni zinazotengeneza protini hupanda na kushuka kwa saa katika sehemu moja au nyingine ya mwili. Ini hufuata sana muda wa kula. Kijana akila ugali saa saba usiku, ini linaambiwa ni mchana huku ubongo unasema vingine. Chakula chake cha mwisho kiwe saa mbili usiku, pamoja na nyinyi.

Mume wako akitaka kukaa na wageni mpaka saa nne, kwake mambo yanageuzwa: apate mwanga mwingi jioni, atembee nje kuanzia saa kumi na moja mpaka jua litue, na saa tisa usiku asiwashe taa kali. Asipotaka, hana ugonjwa wa kutibiwa. Nawe usimlazimishe, kama ambavyo hapaswi kumlazimisha mtoto. Habari za swala ya alfajiri kwa asiyeamka, mkaulize kwa sheikh wenu kwa utulivu. Ndoo ya maji si jibu la swali hilo.

Tanuri la mikate: hapo niko na baba, ingawa kwa sababu nyingine. Kazi ya kuvuka usiku mzima, kwa miaka, inazichanganya saa za mwili hata kwa mtu wa usiku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na mwaka 2019 likarudia msimamo huo. Isitoshe kijana ana chuo asubuhi. Lakini mwambieni jirani kama anaweza kumpa kazi ya kukanda na kupanga kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu au nne usiku. Muda huo mwanao yuko katika ubora wake, na atakuwa na hela yake.

Vidonge vya duka la dawa, hapana. Kidonge cha usingizi kinamlaza mtu. Saa hakiisogezi, na vingine vinazoeleka mpaka mtu hawezi kulala bila hivyo. Ipo homoni ya melatonini, ambayo ubongo huitoa giza likiingia, na madaktari huitumia kwa watu wa aina ya mwanao, lakini kwa kipimo kidogo na kwa saa maalumu kabla ya kulala. Ikitolewa wakati usiofaa inavuruga zaidi. Hilo ni la daktari. Mpelekeni hospitali bila kusubiri mwezi uishe kama anakoroma huku pumzi ikikatika, kama analala saa nyingi na bado anaamka amechoka, au kama ameacha kufurahia vitu alivyovipenda na anajitenga. Huzuni nzito nayo hukimbiza usingizi, na kijana anayeitwa mzigo mbele ya wadogo zake kila siku yuko karibu nayo kuliko mnavyodhani.

Chuoni nendeni wewe na binti yako, mkaeleze kabla barua ya pili haijaja, na muulize kama vipo vipindi vya vitendo vya mchana anavyoweza kuhamia kwa muhula huu.

Nawe mwenyewe, mama, usingizi wako unakatwa vipande na watu wawili na hakuna aliyekuuliza. Kwa mwezi huu hamia chumba cha wasichana, kilicho mbali na korido. Redio iende jikoni na mlango wake ufungwe. Mlango wa kijana utiwe mafuta bawabani. Fundi unaye nyumbani.